Redio ya Mbali kwenye Dirisha la Etaje ya Pili

Maneno haya yalisemwa na mzee mmoja, mwanachama wetu, kwenye mkutano wa wanachama hapa Hewa Bora. Tumeyaandika karibu vile alivyoyasema.



Kamati iliniita ikaniambia hivi: "Papa, kila mkutano mutu anakuja anasema juu ya mbegu, juu ya cherehani, juu ya likelemba. Sasa weye utatuambia juu ya ile redio yako." Nikawajibu kwamba redio yangu hailete unga nyumbani, ni starehe ya mzee tu. Wakasema, "Njo hiyo tunataka." Basi nimekuja na redio yenyewe, hii hapa, na kaye yangu, na kipande cha waya. Mkiniona ninageuka-geuka na redio mkononi, msifikiri nimekuwa mgonjwa. Nitawaeleza sababu.

Ninyi mnanijua. Nilitoka Pweto mwezi wa 12 mwaka 2000, siku zile mji ulipoanguka na watu wengi wakavuka kuingia Zambia. Nilikaa kambini Kala, upande wa Kawambwa, miaka karibu tisa. Nilirudi kwa malori ya HCR. Leo ninakaa kwa binti yangu hapa Hewa Bora, etaje ya pili, vyumba viwili na balkoni ndogo ya kuanikia nguo. Shamba sina tena. Magoti yanakataa ngazi. Kwa hiyo jioni, bukari ikiisha kuliwa, ninakaa dirishani na kusikiliza mbali.

Kusikiliza mbali ni kitu gani? Si kufungua tu redio ya hapa mjini. Redio za mjini ziko kwenye FM, na FM inakwenda karibu tu. Ukitoka Lubumbashi safari ya saa chache, inapotea. Mimi ninatafuta redio ambayo haikutumwa kwangu hata kidogo, au imetumwa toka mbali sana, kilomita elfu moja, elfu nne, na ninajaribu kuisikia na kuitambua. Kuna watu duniani pote wanaofanya hivi, Finland, Sweden, Japani. Wengine hawajali hata habari inasema nini. Furaha yao ni kujua: sauti hii ndogo kama ya mbu imetoka wapi?

Na musifikiri hii ni mambo ya wazungu tu. Redio yetu ya Bunia, Radio Candip, redio ya kufundisha watu, ilikuwa kwenye 5066 ya masafa mafupi, ile tunaita "onde courte". Ilisema na wanakijiji wa Ituri juu ya kilimo na afya. Lakini huko Ulaya ya kaskazini, kwenye baridi, kulikuwa na watu wanakesha usiku na waya ndefu porini ili waisikie Bunia, halafu wanaandika barua kuomba karata ya kushuhudia kwamba kweli wameisikia. Fikirini: mkulima wa Ituri na mtu wa Finland wanasikiliza sauti moja, kila mmoja kwa sababu yake.

Sauti inafikaje?

Watoto wa hapa etaje wananiuliza hivyo, nami ninawaeleza kama mwalimu wa zamani. Juu kabisa ya mawingu, jua linaigusa hewa na kuifanya iwe kama kioo kwa mawimbi ya redio. Masafa mafupi yanapanda, yanapiga kioo kile, yanarudi chini mbali sana. Mchana kuna tabaka la chini linalokula masafa ya kati na yale mafupi ya namba ndogo. Jua likizama, tabaka lile linapotea. Ndiyo maana usiku redio za mbali zinafunguka kama nyota. Kwa hiyo mchana ninatafuta namba kubwa, kwenye meta 19 au 25. Usiku ninashuka meta 31 na 49, na masafa ya kati.

Na majira yana kazi yake. Sisi Katanga, toka mwezi wa 11 mpaka wa 3 radi ni nyingi, na kila umeme wa mawinguni, hata ule wa mbali usiouona, unapiga "kra!" ndani ya redio. Mwezi wa 6 na wa 7, wakati wa baridi na anga kavu, namba ndogo zinakuwa safi. Na neno moja la usalama: mvua ikianza kunguruma, ninatoa waya wa nje. Redio nyingine inanunuliwa, mzee hanunuliwi.

Sasa, mambo ya apatema

Kijijini ungefunga waya toka muembe mpaka muembe. Hapa etaje hakuna muembe. Ukuta ni simenti na ndani yake kuna ferabeto, na chuma kile kinazuia mawimbi kama kifuniko cha sufuria. Katikati ya nyumba husikii kitu. Kwa hiyo sheria ya kwanza: nenda dirishani. Meta moja inaleta tofauti. Mimi nilichukua waya mwembamba meta sita, nikaupitisha juu ya dirisha nyuma ya pazia, halafu kwenye kamba ya nguo ya balkoni. Binti yangu anaanika nguo pale pale, hana shida. Usifunge waya wako hata siku moja karibu na nyaya za SNEL. Hapo hutasikia redio, utasikia malaika.

Kwa masafa ya kati nilitengeneza fremu ya mbao, sentimita 60 kila upande, nikazungusha waya mara 12, nikafunga kwenye ncha zake mbili ile kondensa ya kugeuza niliyoitoa kwenye redio mbovu. Hakuna umeme ndani yake. Unaiweka karibu na redio bila kuigusisha, unageuza kondensa pole pole, na sauti iliyokuwa inanong'ona inasimama. Kisha unageuza fremu yenyewe. Upande mmoja inasikia sana, upande mwingine inakuwa kiziwi. Ndiyo maana niliwaambia ninageuka-geuka: ninatafuta upande ambao kelele inakufa. Mara nyingi huhitaji kuongeza sauti. Unahitaji kuipa kelele mgongo.

Na kelele ya apatema, wandugu! Sharjeri za telefoni, lampe hizi mpya, dekodere za televizyo, ondulere za kuweka kuran: kila moja ina kazi ndogo ndani inayokata umeme mara elfu nyingi kwa sekunde, na mikato ile inatoka hewani kama mlio wa nyuki. Nyumba ishirini, nyuki ishirini. Nilipofika hapa, miezi miwili nilisikia mlio mmoja mbaya sana kwenye meta 49. Nikasema ni ondulere ya jirani wa chini. Nilimwambia binti yangu, nikamwambia na mtu mwingine kwenye ngazi, "Huyu jirani mashine yake ni mbovu, inaharibu hewa ya wote." Jirani aliposikia, alikasirika, na alikuwa na haki.

Siku moja nikafanya vile ningepaswa kufanya siku ya kwanza. Niliweka mapile ndani ya redio, nikashusha swichi kubwa ya nyumba yetu yote. Mlio ukakufa palepale. Nikapandisha tena na kuwasha kitu kimoja kimoja. Friji, hapana. Televizyo, kidogo. Kisha sharjeri ya mjukuu wangu, ile ya bei ndogo, kichwani mwa kitanda changu mwenyewe: nyuki wote wakarudi. Kelele ilitoka kwangu. Nilishuka ngazi na magoti yangu haya nikaomba msamaha. Jirani alicheka akaniambia, "Papa, miezi mbili yote uliniita mubaya juu ya sharjeri ya mutoto?" Nilisema ndiyo. Wekeni habari hii kichwani, nitairudia.

Kitu kingine kitawachekesha. SNEL ikikata, watu wote wa etaje wanalia: nyama itaharibika, telefoni zimekufa. Mimi nikisikia "aaah!" ya ngazi nzima, ninachukua redio. Sababu sharjeri zote zimezima, nyuki wote wamekufa, na mpaka watu wawashe magurupu yao nina dakika kama kumi za hewa safi. Usiku mmoja wa delestaje nilisikia Zanzibar kwenye 11735, karibu kilomita 1,400 toka hapa: taarabu, udi na fidla, safi kama wako balkoni. Binti yangu alikuja na mshumaa, akasimama. Hatukusema kitu. Umeme uliporudi, mtaa wote ukapiga makofi, na Zanzibar ikapotea.

Kaye

Sasa nifungue kaye. Msikilizaji wa mbali hasemi tu "nilisikia". Anaandika. Tarehe. Saa, na saa ya dunia yote ili watu wa nchi nyingine waelewe: sisi Lubumbashi tuko mbele saa mbili, kwa hiyo saa 20 yetu ni saa 18 yao. Namba ya masafa. Lugha. Na maneno aliyoyasikia yenyewe, si yale aliyoyafikiri. Kisha anatoa alama tano, kila moja toka 1 mpaka 5: nguvu ya sauti, kuingiliwa na redio nyingine, kelele za hewa, kupanda na kushuka kwa sauti, na mwisho alama ya yote pamoja. Tano ni nzuri kabisa. Moja ni kusema karibu sikusikia.

Angalieni kaye yangu. Mistari mingi ina 2 na 3. Na mahali pengi nimeandika: "Haikutambulika." Mwanzoni niliona haya kuandika hivyo. Sasa naona ni mistari yenye heshima kuliko yote. Ukiituma ripoti kwa redio ya mbali, wanaangalia kama maneno uliyoandika yanalingana na waliyotangaza saa ile. Ukidanganya, ukaandika kitu cha kukisia, karata haiji. Ni starehe, lakini starehe yenye uaminifu ndani.

Kwa nini mzee huyu anashika sana mambo ya uaminifu? Hapa ndipo nataka kuwaambia kitu ambacho baadhi yenu mnakijua, na wengine hamjakisikia kinywani mwangu.

Kala, mwaka 2003

Kambini redio ilikuwa macho yetu. Tulisikia redio ya Zambia, ile inayofungua kwa kilio cha nkwazi, ndege wa ziwa letu. Watoto walijua kumwiga. Tulisikia BBC kwa Kiswahili, ambayo wazee wetu walianza kuisikia tangu 1957. Sauti ya Amerika, tangu 1962. Deutsche Welle, tangu 1963. Na Radio Okapi, iliyoanza tarehe 25 mwezi wa 2 mwaka 2002, ikisema Kifaransa na lugha zetu nne. Redio kambini zilikuwa chache na mapile yalikuwa ghali. Tuliyaanika juani ili yapate nguvu ya mwisho. Mimi nilikuwa na redio, na nilikuwa mwalimu. Watu walikuja jioni kuuliza, "Mwalimu, wamesema nini?" Nami, niseme kweli, nilipenda kuulizwa.

Mwezi wa 7 mwaka 2003 makamu wanne wa rais waliapishwa Kinshasa. Vita vimeisha, watu walisema. Kila mtu alianza kuota Pweto. Jioni moja ya mwezi wa 9 nilikuwa nasikiliza habari kwenye masafa mafupi. Sauti ilipanda, ikashuka, ikapanda, kama mtumbwi. Nikasikia: "...wakimbizi walio Zambia..." ikazama, "...watarudi kabla ya mvua."

Ninyi mnajua Kiswahili chetu. Kukataa kwetu kuko mwanzoni mwa neno, silabi ndogo moja. Watarudi. Hawatarudi. Ukimeza "ha" hiyo, umegeuza maisha ya watu. Na hewa ya usiku ule ilimeza "ha". Alama ya kupanda na kushuka kwa sauti ningeipa 2. Lakini sikuwa na kaye wakati ule. Nilikuwa na hamu. Nilisikia kitu ambacho moyo wangu ulikuwa umekwisha kusikia tayari.

Nilitoka nje nikasema, "Tutarudi kabla ya mvua. Redio imesema."

Asubuhi walirudia habari ile ile, sauti ikiwa safi. "Hawatarudi." Nilisikia vizuri kabisa. Nikawaambia wale wa karibu yangu, wa mstari wetu wa nyumba. Lakini neno la jana lilikuwa limekwisha kwenda mpaka mwisho wa kambi kwa baiskeli, na sahihisho langu lilibaki limekaa mlangoni. Niliona haya kwenda mbali. Nikajiambia, watasikia wenyewe.

Upande wa mwisho wa kambi kulikuwa na mzee mmoja na mke wake na wajukuu wanne. Aliposikia neno langu, aliuza majembe mawili, akauza mbegu za mahindi, akawapa wengine kipande chake cha shamba. Mtu anayerudi nyumbani analima kwa nini? Mvua ikaja. Malori hayakuja. Mnajua wenyewe: malori ya kurudi yalianza mwaka 2007.

Nilikwenda kumwona mwezi wa 11, nilipoona shamba lake lina majembe ya watu wengine. Nilimwambia yote. Aliniangalia kwa muda, akasema: "Weye ulisikia mubaya. Mimi njo niliuza." Hakusema zaidi. Lakini wajukuu wale walikula mara moja kwa siku, na mimi niliwahesabu kwa macho.

Hapo nikazunguka mstari kwa mstari, kwa miguu, na nikasema mbele ya watu: mimi ndiye, nilisikia nusu nikasema nzima. Mama mmoja wa mstari wetu akasema, "Sawa, maneno umesema. Sasa unga?" Tukaanza: kila nyumba kopo moja la unga kwa wiki, mpaka mavuno. Nyumba kumi na moja. Kopo lile liliendelea hata baada ya mavuno, kwa ajili ya mwingine, na mwingine. Baadhi ya wale waliotoa kopo wamekaa hapa mbele yangu leo, na wanajua kasha la chama hiki lilianza wapi. Sisemi kosa langu lilikuwa zuri kwa sababu hiyo. Kosa lilikuwa kosa. Nasema tu kwamba msaada wetu na uvumi ni majirani wa zamani.

Waya na ulozi

Nirudie hapa Hewa Bora. Nilipofunga waya wa balkoni, watu wa ngazi walianza kusema. "Ule papa wa etaje ya pili, usiku iko anasema na banani?" Wengine walisema ulozi. Wengine, na hiyo ni hatari zaidi siku hizi, walisema ninazungumza na watu wa vita. Shefu wa avenue alikuja. Nilimkaribisha, nikamwonyesha: redio hii inapokea tu. Ni sikio bila mdomo. Hata nikipiga kelele mbele yake, haisikiki popote. Nilimfungulia kaye, akasoma mstari kwa mstari, tarehe na saa. Akauliza, "Na hapa, 'haikutambulika', ni nini?" Nikasema, ni redio ambayo sikujua ni ya nani. Akafunga kaye akasema, "Mutu mwenye kuficha kitu hawezi kuandika hivi." Uaminifu wa kaye uliniokoa. Wakati ule ningekuwa na maneno matupu tu, nani angeniamini?

Kisha ikaja mwezi wa 1 mwaka 2025. Goma ikaanguka. Umeme na intaneti vilikatika kule, na telefoni zetu hapa zilijaa sauti za watu wasiojulikana na picha za vita vingine. Mama jirani wa upande wa kushoto ana mdogo wake Goma. Alikuja usiku saa 22, amevaa kitenge juu ya nguo ya kulalia. "Papa, weye unasikia mbali. Uniambie: kwao iko namna gani?" Tulikaa dirishani sisi wawili mpaka saa 1. Tulisikia habari ya mji, ya uwanja wa ndege, ya hospitali zilizojaa. Lakini mtaa wa mdogo wake ulitajwa mara moja tu, na sauti ilizama palepale. Alinishika mkono. "Wamesema nini? Wamesema ni salama?"

Wandugu, nilitaka sana kusema ndiyo. Mama analia mbele yako, neno moja linamponya. Nikasema: "Mama, wametaja mtaa. Kilichofuata sikusikia." Alikasirika. Alisema nina redio ya bure. Akaenda kwake akafunga mlango kwa nguvu.

Siku tatu hakunisalimia ngazini. Siku ya nne alipata simu. Mdogo wake alikuwa hai, lakini nyumba ilikuwa imepigwa na walikuwa kanisani. Alikuja na sahani ya sombe. Akasema, "Ungeniambia ni salama, nisingetuma hata franka, ningelala tu. Juu haukujua, nilitafuta." Alikuwa ametafuta kwa jamaa, kwa parokia, kwa watu wa chama hiki, na ndiyo namna walimpata mapema. Nilikula sombe ile polepole.

Redio za mbali zinapungua

Nitasema neno moja kwa wageni wetu wanaotusaidia. Redio za mbali zinafungwa moja moja. Kituo cha Deutsche Welle kule Kigali, kilichokuwa kinarusha tangu 1965, kilizimwa mwezi wa 3 mwaka 2015. Mwezi wa 3 mwaka 2025 Sauti ya Amerika ilinyamazishwa, nilifungua saa yangu ya kawaida, nikakuta "shhhh" ya hewa tupu, nikaandika kwenye kaye: "Hakuna." Wanatuambia intaneti inatosha. Inatosha siku za amani. Siku mnara wa mji unaanguka, FM ya mji inanyamaza na telefoni nayo inanyamaza. Lakini masafa mafupi hayahitaji mnara kwenye mji wako. Yanahitaji mtu mmoja mwenye mapile, dirisha na subira.

Kwa hiyo sikuombi mashine kubwa. Nilimwambia mama prezida: chama kinunue redio moja ndogo ya masafa yote, mapile ya kutosha na kaye moja nene, vikae hapa kwenye nyumba ya mkutano. Kila Jumamosi jioni nitakuja, na mjukuu wangu atanisaidia ngazi. Vijana watakaopenda waje wajifunze kutengeneza fremu ya mbao. Wazee wanaoishi peke yao waje tu wakae. Kuna wazee hapa Hewa Bora wanaolala saa 19 kwa sababu hawana wa kuzungumza naye. Sauti toka Zanzibar si dawa, lakini inafupisha usiku.

Na kwenye ukurasa wa kwanza wa kaye ile tutaandika sheria tatu, na sheria hizi ni za telefoni zenu vilevile. Ya kwanza: andika nani alisema, saa ngapi, na ulisikia kwa alama gani. Kama ulisikia nusu, sema nusu. Ya pili: kabla ya kumlaumu jirani kwa kelele, zima kwanza sharjeri yako. Ya tatu: ukikosea, peleka sahihisho mpaka pale uvumi ulipofika, hata kama ni mwisho wa kambi, hata kama magoti yanakataa.

Mzee yule wa Kala alirudi kabla yangu. Alilima tena kwao, upande wa ziwa, na alikufa kitandani mwake, watoto wakiwa karibu. Mara ya mwisho tulipoonana aliniuliza kwa kunitania, "Mwalimu, redio imesema nini juu ya mvua?" Nikamwambia, "Papa, imesema, lakini alama ilikuwa mbili." Alicheka mpaka akakohoa.

Basi nimemaliza. Naona lampe hii ya juu inalia nyuki kwenye redio yangu. Kama kamati inakubali, tuizime dakika tano, niwatafutie kitu. Siwaahidi. Tutasikia tutakachosikia.